Mabinti wa Mlimani na Chambo cha Manyoya

Nchini Kenya wapo akina mama wanaojipatia riziki kwa kutengeneza wadudu. Fundi hubana ndoano ndogo, isiyofika nusu ya ukucha, kwenye jiliwa iliyokazwa ukingoni mwa meza. Huizungushia uzi mwembamba, huviringisha manyoya ya sungura yakawa kiwiliwili, huongeza unyoya wa shingo ya jogoo ukawa miguu au mabawa, hukaza fundo, hukata. Kinachobaki ni nzi bandia, na akidondoka juu ya maji samaki humdhania mdudu wa kweli. Nzi hao hupakiwa kwenye vifurushi na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani, kwa watu wanaovua kwa burudani. Kampuni ya Uingereza iitwayo Fulling Mill ina kiwanda chake huko Kenya, na nchi hiyo inahesabiwa miongoni mwa zile zinazoongoza duniani kwa nzi wanaofungwa kwa mkono.

Si ajabu kumkuta fundi aliyefunga maelfu ya nzi hao na hajapata kushika fimbo ya kuvulia hata siku moja.

Upande wa pili wa mpaka, katika Wilaya ya Rombo nchini Tanzania, hali inafanana kwa namna yake. Kuanzia Mkuu hadi Tarakea, na hata nje ya Rombo, Marangu hadi Machame, hakuna anayejua maji ya Mlima Kilimanjaro kuliko mama na binti yake. Wanajua chemchemi ipi hukauka Januari na kijito gani hugeuka tope baada ya mvua ya Aprili. Lakini mtu akionekana kando ya mto ameshika fimbo na mshipi, huwa ni mvulana, au mgeni. Binti akionekana hapo, ana ndoo.

Uvuvi huu wa nzi bandia uliingia Afrika Mashariki pamoja na ukoloni. Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti ni samaki wa maji baridi. Hupenda yasiyozidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi, yenye hewa nyingi na yanayokwenda kasi. Milima yetu ina maji ya aina hiyo, kwa hiyo upandikizaji uliendelea: kwenye mito ya Mlima Kenya, na baadaye huku Tanganyika katika vijito vya Kilimanjaro, Meru, Usambara na Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 1948 Kenya ilikuwa na kituo cha kutotolesha trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Wenyeji hawakuwa na haja kubwa na samaki huyo. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki kabisa, na jikoni kwa Mchagga palitawaliwa na ndizi, maharage, maziwa na nyama, pombe ya mbege ikashushia. Fimbo ya kuvulia ikabaki kuwa kifaa cha walowezi na maofisa waliotafuta pa kupumzika Jumapili. Kwa hiyo binti wa Rombo amewekwa mbali na mchezo huu mara mbili: kwanza kwa kuwa ulihesabiwa mchezo wa Wazungu, pili kwa kuwa hata miongoni mwa Wazungu ulihesabiwa mchezo wa wanaume.

Hilo la pili, kwa kweli, halijawahi kuwa na msingi. Kitabu cha kale cha Kiingereza kuhusu uvuvi wa ndoano, kilichopigwa chapa mwaka 1496, kwa karne nyingi kimehusishwa na jina la mtawa wa kike, Juliana Berners, ingawa wanahistoria bado wanabishana kama ndiye aliyekiandika. Mwaka 1892 Mary Orvis Marbury wa Marekani alichapisha kitabu kinene kuhusu nzi bandia na historia zao. Miaka mitano baadaye, jimbo la Maine lilipoanza kuandikisha waongoza wawindaji na wavuvi, leseni ya kwanza ilikwenda kwa mwanamke, Cornelia Crosby.

Kisha yupo Joan Wulff, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1926, ambaye mfano wake unafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa sababu unajibu swali la nguvu. Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, kinachoruka ni chubwi. Ukiwa na mkono mzito, unalitupa mbali. Nzi bandia hana uzito wowote wa maana. Uzito umo kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umetengenezwa maalumu. Mvuvi huunyanyua mshipi kutoka majini, huupeleka nyuma, husubiri hadi unyooke hewani, ndipo huurudisha mbele. Akiharakisha, unajikunja na kumwangukia kichwani. Akichelewa, unanasa kwenye majani nyuma yake. Msuli haumsaidii, mara nyingi humharibia, kwani mwenye nguvu hujaribu kulazimisha jambo linalotaka kusubiriwa. Mwaka 1951 Wulff alishinda mashindano ya kurusha mshipi mbali huku washindani wake wote wakiwa wanaume, na mwaka 1960 alirusha futi 161, yaani mita 49 na ushei. Baadaye yeye na mumewe walifungua shule ya kufundisha ufundi huo katika milima ya Catskill. Walimu wengi wa fani hii husema kwamba wanawake hujifunza haraka, kwa vile hawaji na mazoea ya kutumia mabavu.

Hata hivyo, Marekani yenyewe ilipopiga hesabu mwaka 2016, wanawake walikuwa chini kidogo ya theluthi ya wavuvi wote wa nzi bandia. Mwaka uliofuata kampuni ya Orvis ilianzisha kampeni ya kutaka idadi ya wanawake na wanaume ilingane majini. Kwa hiyo tatizo si la Rombo peke yake.

Huku kwetu, atakayesema kwamba kuvua si kazi ya mwanamke atabishiwa na pwani nzima. Unguja na Pemba, maji yakitoka, wanawake hushuka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza mashimoni. Wengine hutanda dagaa kwenye maji ya magotini. Katika Ziwa Victoria wanawake ndio wanaokausha, wanaochuuza na wanaowalisha watu wa mijini. Mwaka 2019 wanawake wa sekta hiyo Tanzania walianzisha chama chao, TAWFA, wapate sauti ya pamoja.

Kinachowakwamisha ni chombo kuwa mali ya mwingine. Huko Nduru, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, wachuuzi walikuwa wakilazimishwa kulala na wavuvi ili wauziwe samaki. Kuanzia mwaka 2011 kikundi cha wanawake kilipata mitumbwi yao, wakaajiri wanaume wawavulie, na kikundi wakakiita kwa Kiingereza No Sex for Fish. Maji ya ziwa yalipofurika mwaka 2020 yaliwapokonya mengi, lakini walikuwa wamekwisha onyesha kwamba mwenye mtumbwi ndiye mwenye kauli. Fimbo ya kuvulia ni chombo kidogo sana ukiilinganisha na mtumbwi, na pengine ndiyo maana ni rahisi kuanzia hapo.

Mlimani mambo yana historia yake. Mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji kutoka vijito vya juu hadi vihambani, ilichimbwa na kusafishwa na wanaume, na wao ndio waliogawa zamu. Mama alichota na kumwagilia, lakini penye banio la mfongo hapakuwa mahali pake. Hata hadithi zimebeba tahadhari hiyo. Watalii wanaofika kwenye maporomoko ya Kinukamori, Marangu, husimuliwa habari za Makinuka, binti aliyepata ujauzito kabla ya kuolewa, akaenda kwenye maporomoko akitaka kujiua. Alipobadili nia na kugeuka arudi, akakutana na chui, akaanguka. Sanamu yake ipo pale pale. Ni hadithi nzuri kwa wageni, ingawa inasikitisha kwamba msichana maarufu kuliko wote katika mito ya Kilimanjaro ni yule aliyefia humo.

Mto una mengine ya kumpa msichana, na kubwa ni elimu. Mvuvi wa nzi bandia hulazimika kujua wadudu wa majini, maana asipojua samaki anakula nini hatajua afunge nini. Akigeuza jiwe katika kijito safi, huenda akaona mdudu mdogo bapa mwenye mikia mitatu, akijishikiza jiweni. Mdudu huyo huishi majini miezi mingi, kisha huota mabawa, huruka, hutaga na kufa ndani ya siku moja au mbili. Hawezi kuvumilia uchafu. Wanasayansi wa Tanzania wanautumia ukweli huo: wana kipimo kiitwacho TARISS, kilichotokana na kile cha Afrika Kusini, ambacho hutoa alama za afya ya mto kwa kuangalia ni wadudu gani waliomo. Penye wadudu wa maji safi, alama hupanda. Pakibaki minyoo na mabuu ya mbu peke yake, kuna kitu kimemwagwa. Kwenye miteremko hii kitu hicho kinaweza kuwa maji ya kuoshea kahawa, dawa za mashambani au taka za mji.

Ndiyo sababu mahali pazuri pa kuanzia ni shuleni. Kilimanjaro ina shule za wasichana zenye sifa nchi nzima: Ashira kule Marangu, Machame, Kibosho, na Weruweru, iliyobeba jina la mto wenyewe. Klabu za mazingira za Malihai zimekuwapo tangu 1980, na Roots & Shoots, ambayo Jane Goodall aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 pamoja na wanafunzi 12, imeenea dunia nzima. Klabu inayopanda miti inaweza pia kugeuza mawe ya mtoni, kuchora wadudu, kisha kuwafunga kwa uzi na manyoya. Somo la baiolojia litakuwa limeshafika mikononi kabla hata samaki hajaonekana.

Vifaa vinatisha kwa bei, lakini ni kwa anayedhani lazima avinunue ng'ambo. Wajapani wa milimani wana mtindo wao uitwao tenkara, usio na gurudumu la kukunjia uzi. Ni fimbo ndefu nyepesi, mshipi uliofungwa nchani, na nzi mmoja. Zamani fimbo yenyewe ilikuwa mwanzi mtupu. Kilimanjaro, tofauti na jirani yake Meru, haina ukanda wa mianzi ya asili msituni, ila mianzi ya kupandwa ipo na bei yake si ya kutisha. Uzi upo kwa mshonaji yeyote. Manyoya ya jogoo wa kienyeji hutupwa jalalani kila sikukuu. Ndoano ndogo ndiyo hasa ya kununua, na jiliwa anaweza kuichonga fundi seremala. Mtu akitaka kuanza na nzi rahisi, mafundi wa Kenya wana wao wanayemwita Kenya Bug: mweusi, mfupi, hana mbwembwe, na anavua.

Ugumu wa Rombo ni maji. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunyesha upande wa kusini, ndiko iliko mito ya kudumu kama Weruweru, Kikafu, Karanga na Rau. Upande wa mashariki, makorongo mengi hutiririka wakati wa mvua tu, kisha hubaki mawe. Juu ya mashamba kuna msitu, ambao tangu mpaka uliposogezwa mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na huko haingii mtu na fimbo yake kama anaingia sokoni. Binti wa Mkuu akitaka maji ya kutosha kurushia mshipi atashuka bondeni, hadi Ziwa Chala.

Chala ni shimo la volkano lililojaa maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka mlimani. Eneo lake ni kama kilomita nne za mraba, kina chake kinazidi mita 90, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati. Kingo zake ni genge. Humo anaishi perege asiye na kwao kwingine duniani, Oreochromis hunteri, ambaye wataalamu wa uhifadhi wamemweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, hasa kwa sababu ya samaki wageni walioletwa ziwani. Kwa hiyo wazo la kumwaga trauti au samaki mwingine yeyote mahali papya ili mabinti wapate cha kuvua lifutwe mapema. Trauti wenyewe ni wageni katika mito ya Kilimanjaro, na waliokwisha kuwepo wanatosha.

Halafu kuna mamba. Mwaka 2002 mwanafunzi Mwingereza aliyekuwa akiogelea Chala aliuawa. Bwawa la Nyumba ya Mungu na Ziwa Jipe, kwenye perege na kambale wa kutosha, nako si mahali pa kuzamisha miguu ovyo. Mwalimu anayewapeleka wasichana ziwani bila mtu anayezijua fukwe zile, na bila maboya ya kujiokolea, anatafuta msiba. Tena wengi wa wasichana wetu hawajui kuogelea. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea tangu 2011, wakivaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima, na wazazi waliokuwa na shaka wamewaruhusu. Rombo haina bahari, lakini mpangilio ule wa kumtoa shaka mzazi kwanza, kisha kumwingiza binti majini, unafaa kuigwa.

Lakini kwa wanaoanza, maji si lazima hata kidogo. Kurusha mshipi hufundishwa kwenye nyasi, kwa nzi aliyekatwa ndoano. Uwanja wa mpira wa shule unatosha kabisa, na hauna mamba.

Na faida? Moja ni ya kiafya. Tangu 1996, shirika la Casting for Recovery, lililoanzia Vermont, Marekani, limekuwa likiwakusanya kando ya mito wanawake wenye saratani ya matiti na waliopona. Mwendo wa kurusha mshipi hunyoosha kwa upole misuli ya bega na kifua baada ya upasuaji, na siku mbili tatu za kukaa na wenzako waliopitia hayo hayo zina uzito wake. Moshi kuna hospitali ya KCMC yenye kituo cha saratani, na mito mizuri iko umbali mfupi kutoka wodini. Hilo halihitaji utafiti mkubwa. Linahitaji muuguzi mmoja mwenye shauku na gari la Jumamosi.

Faida nyingine ni ajira. Katika mito Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, wageni hulipa fedha nyingi kuja kumvua kwa nzi bandia samaki mwenye meno ya kutisha wamwitaye kwa Kiingereza tigerfish, kisha humpiga picha na kumwachia. Kazi ya kuwaongoza wageni hao ni ya maarifa: kujua maji, kuendesha boti, kufunga fundo, kuongea lugha mbili. Kilimanjaro tayari tumeona wanawake wakiingia katika kazi ya upagazi na uongozaji wa watalii, kazi ambazo nazo ziliitwa za kiume. Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa 1963 juu kidogo ya Moshi, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori na utalii kwa Afrika nzima. Mwanafunzi wa kike anayejua kumwongoza mgeni hadi kileleni anaweza pia kumwongoza hadi ukingoni mwa mto.

Kisheria, njia iko wazi kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inadai leseni na inapiga marufuku sumu na baruti. Haimuulizi mvuvi jinsia yake. Mlango wa kubisha ni wa afisa uvuvi wa wilaya. Kizuizi kikubwa kiko nyumbani, nacho ni saa. Kaka akimaliza shule yuko huru hadi jua lizame, dada ana kuni, maji, majani ya ng'ombe na mdogo wake mgongoni. Mpango wowote wa kuwavutia wasichana usiotaja nani atakata majani Jumamosi hiyo utaishia kwenye hotuba.

Lipo pia swali ambalo kila bibi wa Rombo atauliza akisikia samaki amevuliwa kwa taabu yote hiyo kisha akarudishwa majini: mmekula nini sasa? Ni swali la haki. Jibu linategemea samaki. Yule perege wa Chala arudishwe, tena haraka, kwa mikono iliyoloweshwa ili utando wa ngozi yake usichubuke, na kwa ndoano iliyobanwa kishikio ili itoke bila kumpasua mdomo. Kambale wa bwawa la kufugia ni habari nyingine. Naye hudaka nzi mkubwa mweusi jioni, na bibi anaweza kumuunga kwa nazi.